Tupeane uzoefu: dari ya jikoni iliyobonyea kwenye nyumba ya zamani

Wakuu, siling bodi za jikoni zimekaa mawimbi, katikati pameshuka, mbao ziko juu chini. Mafundi mwageni mbinu na vipimo.

fundi_kenchi
Zima umeme kwenye meni swichi, ndipo upande darini na tochi. Nyaya za zamani mara nyingi zimelazwa tu juu ya mbao. Dari haishuki bure: ama mbao za 2x2 (inchi mbili kwa mbili) zilipigwa mbichi zikakaukia hapo na kujipinda, ama mchwa, ama bati linavuja. Choma kila ubao kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, ng'oa huo ubao, weka uliopigwa dawa. Na pavujapo pazibwe kwanza, bodi ya jipsamu ikilowa inabonyea upya.

mpira_wa_maji
Usipime kutoka sakafuni, nayo imepinda. Chukua mpira unaoonyesha ndani, jaza maji, toa mapovu yote. Wakati wa kusoma, vidole visizibe ncha yoyote. Ukiziba hata moja maji yanadanganya. Piga alama ya usawa kuta zote nne, kisha toka hapo pima kwenda juu mpaka chini ya mbao, kila nusu mita. Namba ndogo kuliko zote ndipo paliposhuka zaidi, na dari mpya inafuata hapo. Tuseme zinacheza kati ya sm 148 na 151.5: una sm 3.5 za kushusha kwingine.

fundi_kenchi
Sm 3.5 usijazie vipande, vitalegea. Bandika 2x2 mpya ubavuni mwa ile ya zamani, skrubu za inchi 3. Vipande vya plaiwudi ni kwa tofauti ndogo, chini ya sm 1 hivi. Kukagua kama ubao umenyooka, vuta uzi toka ncha hadi ncha, ila usiguse mbao: weka kipande cha sm 1 kila ncha, halafu pitisha cha tatu kama hicho katikati. Kisipopita, ubao umeshuka.

bodi_na_skimu
Mbao ziwe kila sm 40. Bodi ya mm 9 kwenye sm 60 itabonyea tu, hasa jikoni kwenye mvuke; kama ipo ile ya kijani inayostahimili unyevu, chukua hiyo. Jiko la mita 3 kwa 3.6 ni mita za mraba 10.8, bodi moja ni 2.88, nunua tano. Maungio yapishane kama matofali. Skrubu kila sm 20, kichwa kizame kidogo bila kupasua karatasi. Karatasi ikichanika skrubu haishiki kitu, piga nyingine pembeni. Skimu, ile plasta laini ya kumalizia, haifichi bonde, ikiwa nene inapasuka.

mdau_mgeni
Bodi zangu ni ngumu, za kijivu, kama saruji. Nikate?

mpira_wa_maji
Hapana mkuu! Huenda ni asbesto. Usikate, usitoboe, usipige msasa, vumbi lake linaharibu mapafu. Ziache kama zilivyo mpaka wenye vifaa wazikague.