Anayehojiwa kuhusu njaa: alipwe au asilipwe?

Mleta mada:
Wadau, nimekuwa karani wa utafiti Mukuru, Nairobi, misimu miwili sasa. Kazi yangu ni kuuliza watu kuhusu chakula na afya. Naomba tujadili jambo moja: huyu ninayemhoji alipwe au asilipwe?

Tunatumia lile dodoso la maswali tisa linalotumika nchi nyingi. Katika wiki nne zilizopita, mlikuwa na wasiwasi wa kukosa chakula? Kuna aliyelala njaa? Siku moja nikafika swali la nne, la kula chakula usichokitaka kwa kukosa pesa. Mama niliyekuwa naye alikuwa anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Akanitazama.

"Nani amekwambia sikitaki? Huu ni mtamu kuliko hiyo minofu yenu."

Haya, niandike nini? Niliandika hapana, na kwenye hesabu akaonekana ana afadhali. Yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa amekunywa turungi tupu ili watoto wabakiwe na kitu.

Tulimaliza baada ya saa moja na nusu. Huwa anaenda South B kutafuta nguo za kufua, na ukichelewa unakuta mwenzako ameshachukua kibarua. Nikamwachia kipande cha sabuni. Mimi nilipata posho yangu, dereva yake, hata hoteli tuliyofanyia semina ililipwa.

Mwanafunzi wa uzamili:
Ndugu, usiifanye rahisi hivyo. Kamati za maadili zinazopitisha utafiti zina hoja: mtu asiye na unga ukimtajia elfu moja, atakubali hata ambalo angekataa. Halafu jirani asiyechaguliwa atauliza kwa nini yeye hakuandikwa. Na wengine tunajilipia utafiti wenyewe, tena kwa mkopo wa mjomba.

Mchangiaji:
Pesa inamshawishi mtu lakini sabuni haimshawishi?

Mkazi wa Korogocho:
Mimi sidai elfu moja. Timu tatu zimeingia kwangu, moja ikapima hadi mkono wa mtoto. Hakuna iliyorudi kutuambia iligundua nini. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Basi nipeni hizo karatasi kwa Kiswahili nimpelekee mwakilishi wadi wangu, kelele nitapiga mwenyewe.

Mhudumu wa afya ya jamii:
Niongeze la upande wetu. Dawa za TB kwa kawaida huchukua miezi sita au zaidi. Mgonjwa akiziacha, mtu wa ofisini anaandika "mkaidi". Nilimtembelea mmoja wa namna hiyo. Anameza alfajiri, anashinda bila kitu hadi jioni, kichefuchefu kinamwangusha pale site ya ujenzi anakobeba mawe. Akachagua kibarua, akaacha vidonge. Ukaidi uko wapi hapo? Mtafiti aliyekuja kukaa ploti yao, akawa anaenda naye hadi kwa muuza githeri, ndiye aliyeelewa. Wenye tableti za kujazia dodoso waliondoka na "ndiyo" na "hapana". Kwa hiyo alipwe, sawa, lakini mkija mje mkae.

Mleta mada:
Ahsante dada, nakubali. Mwanafunzi, kuhusu kushawishi watu: kiwe kiasi cha kibarua cha siku, kisizidi, kiandikwe kwenye bajeti kama mafuta ya gari yanavyoandikwa. Na alipwe hata akikatisha mahojiano kwenye swali la pili. Hapo atakuwa bado na nafasi ya kukataa. Bwana wa Korogocho, lako sina utetezi. Ripoti yetu iko kwa Kiingereza, na hata mimi sijapewa nakala.

Kuhusu mgongo wazi, nilimuuliza msimamizi. Akasema andika alivyojibu, songa mbele. Niliandika. Ila mpaka leo nikipita pale kwenye karai lake najiona niliandika uongo.