Mvua ikianza, mazoezi yangu hufa

Mama Wawili, Umoja
Hamjambo. Naombeni msaada wa dhati. Mwezi Januari nilianza kukimbia alfajiri kabla ya kazi, dakika 30, mara nne kwa wiki. Februari yote sikukosa. Machi mvua ikaanza, nikakosa siku tatu, na hizo tatu zikazaa mwezi mzima. Mwaka jana yalinikuta hayo hayo. Viatu viko nyuma ya mlango, matope yamekaukia kwenye soli, na kila nikitoka naviona. Presha yangu ilikuwa imeanza kushuka, kwa hivyo hili si jambo la urembo. Nyinyi mnaodumu mnafanyaje?

Fundi Cherehani
Pole, dada. Mimi nilikwama hapo hapo miaka mitatu, kwa sababu mpango wangu ulikuwa wa kiangazi peke yake. Masika hapa ni Machi hadi Mei, halafu vuli inakuja Oktoba hadi Desemba. Ukingoja pakauke, mwaka unaisha.

Siku hizi kukinyesha napanda ngazi. Naishi ghorofa ya tano. Napanda na kushuka mara nane, nikishikilia vyuma maana mama anayeosha ngazi huanza mapema na saruji huteleza. Ikifika mara ya sita mapaja yanawaka moto. Dakika 20, naingia ndani kunywa chai.

Na usijilaumu kwa siku moja. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 kuzoea, na kukosa mara moja hakukuwaharibia. Mimi siku ninayoiogopa ni ya pili. Nikikosa Jumanne, Jumatano lazima nitoke, hata kwa dakika tano.

Mwalimu wa Kayole
Dada, tafadhali usikimbie gizani peke yako. Jua letu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na mimi nilinyang'anywa simu saa kumi na moja. Jioni shuka matatu steji mbili kabla ya yako, utembee kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea hivyo kunahesabiwa.

Mama Wawili, Umoja
Asanteni sana. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Leo nimepanda mara sita, kitinda mimba wangu akihesabu kwa sauti mlangoni. Kesho Fundi, nitakuambia kama magoti yamekubali.