Ushauri: Ni mkuu wa idara ya sheria kiwandani, nguvu zinaniishia

Nuru_Sheria
Habari za usiku wadau. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kukalia kiti hiki.

Nina miaka 39, ni wakili. Huu ni mwaka wa tatu niko mkuu wa idara ya sheria na katibu wa kampuni kwenye kiwanda cha vyakula hapa Dar. Tuna maghala Mwanza, Mbeya na Dodoma, wafanyakazi mia nne na ushee. Idara nzima ni mimi na kijana mmoja aliyeapishwa uwakili mwaka juzi. Kazi naipenda na sitaki kuiacha.

Ila kila karatasi lazima ipite kwangu. Mkataba wa walinzi, wa basi la wafanyakazi, wa tangazo la redio, barua ya onyo ya dereva wa Mbeya, samansi za CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), taarifa za mwaka za BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), fomu za wamiliki manufaa, yaani watu wanaoimiliki kampuni kwa kweli. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2023, nayo ikaletwa mezani kwangu. Bodi ikikaribia, wiki mbili zote ni makabrasha. Ikishakaa, wiki nyingine ni muhtasari.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita TRA walituletea makadirio ya kodi. Barua ikapokelewa mapokezi, ikasainiwa, ikakaa kwenye trei siku 19. Mnajua pingamizi ni siku 30 tangu kupokea, na unatakiwa uweke theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Tulibakiwa na siku 11 za kuandaa hoja na kutafuta fedha. Tuliwasilisha siku ya 29. Tangu hapo simu ikitetema, na mkono wangu unatetemeka. Nalala saa saba usiku, saa kumi niko macho. Mwanangu wa darasa la nne siku hizi ananiuliza kwanza, "Mama, una bodi?" ndipo alete daftari.

Nifanyeje niimudu kazi hii bila kuanguka?

Mzee_wa_Muhuri
Pole sana binti yangu. Nimekuwa katibu wa kampuni miaka 22, sasa nimestaafu.

Anzia mapokezi, kesho asubuhi. Kitu chochote chenye muhuri wa TRA, mahakama, CMA au mamlaka yoyote kipigwe picha na kukufikia ndani ya saa moja, na karatasi yenyewe siku hiyo hiyo. Kiwe na daftari lake peke yake, na atakayekupelekea asainishe. Halafu tarehe zote za mwisho zitoke kichwani mwako zikae kwenye kalenda inayoonwa na watu watatu: wewe, kijana wako na mhasibu mkuu. Mimi barua zilizokuwa mezani hazikuwahi kunikosesha usingizi. Zilizonikosesha ni zile nilizohisi zipo mahali fulani na sijaziona.

La pili ni zito zaidi. Naona umeibeba hatari ya kampuni kama deni lako binafsi. Kazi yako ni kumwambia mwenye biashara: hapa pana shimo, kina chake ni hiki, ukipita huku utalipa hiki. Yeye aamue, yeye asaini. Nilikuwa na karatasi ya ukurasa mmoja, chini kabisa pana nafasi ya saini ya mkuu wa idara anayetaka mkataba. Mwaka wa kwanza walininunia. Wa pili wakaanza kusoma mikataba yao kabla ya kuileta.

Angalizo: penye harufu ya rushwa au jinai, hapo hapasainiwi na mkuu wa mauzo. Peleka bodi, na usimame hata ukibaki peke yako.

Mhasibu_Tabata
Dada Nuru, sisi wa fedha ndio tunaowachosha, nakiri. Tunaleta kila kitu kwa sababu hakuna aliyetuambia kipi tusilete.

Kwetu mwanasheria aliweka kikomo. Mkataba wa chini ya milioni 20, ulio kwenye kiolezo chetu na haujabadilishwa neno, hauendi kwake. Kipengele kimoja kikiguswa, unaenda. Na yapo yanayopita kwake hata kama ni ya shilingi moja: ardhi, mkopo, dhamana, na kinachogusa taarifa binafsi za watu. Vile violezo vilimchukua mwezi mzima kuviandika na alilalamika sana, lakini miezi miwili baadaye meza yake ilianza kuonekana.

Kuhusu ile theluthi, mkiwa na sababu za msingi mnaweza kumwandikia Kamishna Mkuu kuomba ipunguzwe au iondolewe. Andaeni barua hiyo pamoja na pingamizi.

Nuru_Sheria
Asanteni sana. Mzee wangu, shikamoo, suala la mapokezi nalifanya kesho. Tatizo limebaki kwa Mkurugenzi Mtendaji. Anapiga saa nne usiku, "nipitishie hii tu." Aliyenitangulia alikuwa mwanaume na watu husema aliweza. Naogopa nikisema kazi imenizidi waseme ni kwa sababu ni mwanamke.

Wakili_Msamvu
Dada, hilo la kuogopa nalijua. Mimi ni mwanaume na niliogopa vilevile, nikanyamaza hadi nikaanguka ofisini mwaka 2021.

Kabla ya hapo nilikuwa na mambo matatu: uchovu usiotoka hata nikilala, kuichukia kazi niliyoipenda, na kuona kila ninachofanya hakifai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza hali hii kwa mambo hayo hayo matatu, kwamba inatokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Ila mkono kutetemeka na usingizi wa saa tatu usivitafutie jibu humu. Nenda kwa daktari wiki hii.

Na likizo je? Kikomo cha saa 45 kwa wiki hakitukingi sisi tunaosimamia wengine na kuripoti juu kabisa, lakini siku 28 za likizo ni zako kwa Sheria ya Ajira. Umechukua ngapi mwaka huu? Kesi za CMA Mwanza na Mbeya zipe mawakili wa kule kule. Nauli zako na malazi huenda zikawazidi.

Mkurugenzi_Mmoja
Naongea kama mtu wa upande wa pili. Mwanasheria wangu akinijibu saa nne usiku, najua saa nne usiku anapatikana. Sikuwahi kufikiria zaidi ya hapo hadi aliyekuwepo akaacha kazi.

Njoo na ukurasa mmoja: karatasi ngapi zimeingia kwako miezi mitatu, ile barua ya TRA ingetugharimu nini, na njia tatu za kuchagua. Mtu wa tatu, fedha ya mawakili wa nje, au ukatibu upewe mtu mwingine. Ukija na uchovu peke yake nitakupa pole, kisha nitasahau.

Wakili_Msamvu
Kwa heshima mkuu, amwambie na kwamba amechoka. Mimi niliwapa takwimu tu, wakaona nazimudu.

Karani_wa_Nairobi
Huku kwetu kampuni nyingi hulipa makatibu waliosajiliwa kutoka nje wafanye kazi ya ukatibu, na mwanasheria hubaki na sheria. Uliza kama bodi yenu itakubali hivyo.

Nuru_Sheria
Narudi baada ya wiki tatu. Daktari amekuta presha iko juu, amenipa dawa na tarehe ya kurudi. Daftari la mapokezi linafanya kazi, wiki jana barua ya manispaa ilinifikia kwa dakika ishirini.

Kwa bosi nilikwenda na ukurasa mmoja, na mwisho nikamwambia silali. Alinyamaza muda. Kikomo kimepita, ila kwa milioni 10. Mtu wa tatu hadi bajeti ya Julai. Ukatibu amesema ataupeleka bodi, sina hakika. Simu za usiku zimepungua, zimebaki mbili kwa wiki hii.

Likizo naanza Jumatatu, siku 14. Mzee_wa_Muhuri, ile karatasi ya saini, chini ya jina la mkuu wa idara uliandika maneno gani hasa? Nataka nimwachie kijana kabla sijaondoka.