Jicho tawala na bunduki: ulilitambuaje, ukafanyaje? Tupeane uzoefu

ShavuKitakoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nafungua uzi huu kwa sababu jambo hili lilinisumbua miaka mitatu nikidhani tatizo ni mkono wangu, kumbe ni macho. Jicho tawala ni lile ambalo ubongo hulifuata zaidi ukitazama kwa macho yote mawili.

Kila kitu nafanya kwa mkono wa kulia. Nilipoanza bunduki ya hewa ya mita 10 nikaweka kitako bega la kulia, na hakuna aliyeniuliza chochote. Nikifungua macho yote mawili naona vilengeo viwili vya mbele, kimoja hafifu kinaelea pembeni, na duara jeusi la shabaha linakuja na kupotea. Dawa niliyojipa ni kufumba jicho la kushoto. Kwa risasi 10 haina shida. Lakini shindano la risasi 60 kwa saa moja na robo ni habari nyingine kabisa: kuanzia ya 35 hivi kope inacheza, uso umekaza, na shavu lililokaza halilali palepale kwenye kitako. Matundu ya risasi zangu kwenye karatasi yalikuwa yanasambaa kila mara mwishoni mwa shindano. Mimi nikawa nahangaika na pumzi na triga.

Siku moja mwenzangu akaniambia ninyooshe mikono mbele, niunganishe viganja nibakize kitundu kidogo, nitazame swichi ya ukutani kwa macho yote mawili, kisha nivute mikono polepole hadi usoni bila kuipoteza ile swichi. Kitundu kikatua kwenye jicho la kushoto, kumbe ndilo tawala. Nikarudia mara 6, na mara zote 6 kushoto.

Sikuhama bega. Nilifunga kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga mbele ya jicho la kushoto, macho yote nikaacha wazi. Wiki mbili za mwanzo jicho la kushoto lilikuwa bado linataka kuongoza, kisha likatulia. Sasa risasi 10 za mwisho zinakaa pamoja kama 10 za kwanza.

Wenzangu, nyinyi mlihama bega au mlilinyamazisha jicho?

BegaLaKushoto

Asante sana kwa uzi huu, mkuu. Mimi nilihama, na sijutii hata siku moja.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nianze. Kocha wangu aliona kitu ambacho mimi sikukiona: kila nikilenga, kichwa kilikuwa kinavuka juu ya kitako kwenda upande wa pili. Jicho la kushoto lilikuwa linajitafutia njia lifike nyuma ya kilengeo. Shingo ilikuwa inaniuma kila jioni, nami nilidhani ndiyo kuzoea mchezo.

Nisiwadanganye, kuhama kuliniumiza. Kidole cha kushoto hakikujua triga kabisa, kilikuwa kinaivuta badala ya kuibana taratibu. Mwezi mzima wa kwanza sikupiga risasi hata moja, nilikuwa nafyatua bila risasi nikitazama ukuta mweupe, dakika 20 kila siku. Alama zilishuka vibaya, nikalia. Mwezi wa tano zikarudi nilipokuwa, na baada ya hapo zikapanda bila kunivuta shingo.

Aliyenitia moyo ni Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti liliuharibu mkono wake wa kulia, akajifunza upya bastola kwa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948 na tena Helsinki 1952. Najua yake ilikuwa bastola na ni mkono, si jicho. Ila nilipokuwa nalia juu ya kidole changu, nilimkumbuka yeye.

Jambo moja kwa wanaotaka kuhama: tafuteni bunduki ya mkono wa kushoto mapema. Ukitumia ya kulia kwenye bega la kushoto, kila risasi unavusha mkono juu kufikia bolti (komeo la kuingizia risasi, lililo upande wa kulia), na mkao uliojenga unavunjika kila mara. Kwenye zile zinazotema ganda zenyewe, ganda la moto linapita mbele ya uso wako. Vaeni miwani ya kinga.

MwalimuWaShabaha

Dada amesema kweli kuhusu kichwa kuvuka kitako. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta siku ya kwanza, hasa kwa watoto, kwa sababu mtoto hawezi kukueleza kwamba anaona vilengeo viwili.

Msimamo wangu baada ya kufundisha miaka mingi: anayeanza, mhamishe bega akiwa bado hajajenga mkao. Aliyepiga miaka kumi upande mmoja, mwache hapo na umsaidie jicho. Sijawahi kumlazimisha mtu mzima, na wawili niliowashauri wahame waliacha mchezo. Bado inaniuma.

Sasa hili la kikinga, yaani kile kipande cha kuziba jicho lisilolenga, naomba mlisikilize vizuri, kwa sababu nawaona wengi wanatumia karatasi nyeusi. Mboni zetu mbili hufanya kazi pamoja. Ukilitia giza jicho moja, au ukilifumba, mboni ya lile linalolenga nayo hupanuka kidogo, na mboni ikipanuka ukali wa picha hupungua: kilengeo cha mbele na shabaha vinagombana. Tumia cheupe kinachopitisha mwanga. Jicho lipate nuru yake, ila lisione umbo la kitu. Kwa wanaoshindana, kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha) zinaruhusu kikinga cha mbele kisichozidi upana wa milimita 30, kwa hiyo pimeni kabla ya kwenda kukaguliwa.

Halafu jicho tawala si lazima liwe jicho lenye kuona vizuri zaidi. Nina mwanafunzi ambaye jicho lake tawala ndilo linalohitaji lenzi kali. Mpeleke kwanza kwa daktari wa macho, mengine baadaye.

DarubiniMoja

Mimi ni mwindaji, na natofautiana kidogo na mwalimu, kwa heshima. Jicho langu tawala ni la kushoto, nalenga kulia, na sijawahi kuvaa kikinga. Kwenye darubini inayokuza mara 6 au zaidi, jicho moja linaona mnyama mkubwa na lingine linaona pori zima. Picha hizo hazifanani hata kidogo, basi ubongo unachagua ile ya darubini bila kuombwa. Tatizo hunijia nikishusha ukuzaji hadi mara 1 au 2, kwa sababu hapo picha mbili zinakaribiana na jicho la kushoto linaanza kudai haki yake. Hapo nafumba kwa sekunde ile ya kufyatua tu, kisha nafumbua. Risasi yangu ni moja, si 60. Sikatai kwamba kwa shindano refu hali ni tofauti.

MzeeWaMita50

Wanangu, mimi nina kisa kingine. Jicho langu tawala lilikuwa la kulia tangu ujana, sikuwahi kulifikiria. Nilipofika miaka 61 likaingia mtoto wa jicho taratibu. Kilengeo cha mbele kikawa na ukungu, nikabadilisha lenzi, nikabadilisha ukubwa wa kitundu cha nyuma, wapi. Siku moja nikafanya jaribio la viganja: kushoto. Jicho lilikuwa limekabidhi uongozi bila kuniaga.

Nilifanyiwa upasuaji, na baada ya miezi kadhaa la kulia likarudi kuongoza, ila si kama zamani. Nikichoka linayumba. Kwa hiyo sasa najipima kabla ya mazoezi na tena baada ya mazoezi, naandika kwenye daftari. Siku likiwa kushoto naweka tepu nyeupe kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Siku likiwa kulia siweki.

MgeniWaShabaha

Shikamoo mzee. Wakuu, mimi jaribio linanipa majibu mchanganyiko, leo kulia kesho kushoto. Nifuate lipi?

MwalimuWaShabaha

Usijipime kwa kunyoosha kidole, kwa sababu mkono unaoutumia zaidi hukuvuta upande wake. Tumia viganja vyote viwili, kitu kiwe mbali angalau mita 5, na urudie mara 10 ukiwa hujachoka. Wapo watu ambao hakuna jicho linalotawala sawasawa. Kama ni wewe, chagua bega linalokaa vizuri, kisha nyamazisha jicho la pili.

MgeniWaShabaha

Asante mwalimu. Nimefanya asubuhi hii: 7 kulia, 3 kushoto. Nabaki bega la kulia na nimeshabandika tepu kwenye kioo cha kushoto. Jumamosi napiga risasi 40, nitaleta picha ya karatasi hapa.