Mtoto anaugusa mpira lakini hauendi popote, nifanyeje?

Mama Namba 7
Wadau, mwanangu ana miaka 10, huu ni msimu wake wa pili wa besiboli. Hakosi mpira, anaugusa karibu kila mara, ila unajikokota chini hadi miguuni mwa mrushaji, na mwanangu anatolewa hata hajafika nusu ya njia ya besi ya kwanza, kile kituo anachokimbilia akishapiga. Cha ajabu, nikimrushia mimi anapiga vizuri tu. Baba yake anataka tumnunulie gongo la kupigia lililo zito zaidi ili apate nguvu. Juzi karudi nyumbani, kabwaga begi mlangoni, hakusema neno hadi asubuhi.

Kocha Mstaafu
Dada, hilo gongo zito msinunue kwanza! Kinachopeleka mpira mbali kwa mtoto ni kasi ya gongo, na gongo zito linamchelewesha. Mpe alilonalo, alishike kwa mkono mmoja, anyooshe mkono usawa wa bega, uhesabu polepole hadi 20. Likianza kushuka mapema, hata hilo ni zito kwake.

Lakini mimi kilichonishtua ni pale uliposema ukimrushia wewe anapiga. Hapo pana woga. Mechi ijayo usitazame mikono, tazama mguu wa mbele. Ukikimbilia pembeni badala ya kuelekea kwa mrushaji, nyonga imeshaondoka na nguvu yake, imebaki mikono mitupu kuusukuma mpira. Niliwahi kuhangaika miezi miwili na kiwiko cha kijana mmoja, kumbe msimu uliopita alipigwa na mpira mbavuni na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza.

Mrushieni mipira ya tenisi, mingine imwelekee mwilini makusudi. Afundishwe kugeuka kwa ndani, kidevu begani, mgongo upokee. Akishajua kujikinga, mguu utatulia.

Mkono Kushoto
Naongezea kidogo: tumieni kile kisimamo cha kuwekea mpira, muuweke mbele kidogo ya tumbo lake, usawa wa mguu wa mbele, apige wavuni. Mara 30 zinatosha, akichoka anaanza kujifunza makosa. Na huo ukimya wa begi: mwambie Ted Williams, mpigaji maarufu wa besiboli wa Marekani, mwaka 1941 alimaliza na wastani wa kupiga wa .406, yaani hata yeye alishindwa karibu mara sita katika kila kumi.

Mama Namba 7
Nimerudi. Kwenye gongo nilifika 9, mkono ukashuka. Nikamuuliza taratibu kama amewahi kugongwa. Akakunja mkono wa shati: kiwiko bado kina alama, anasema ni tangu mazoezi ya mwezi uliopita, na alijikaza ili asionekane mtoto. Sasa hivi wako nje na baba yake, ndiye anayerusha mipira ya tenisi. Habari ya gongo jipya haijatajwa tena.