Naomba kufafanuliwa vifupisho vya wachezaji wa Pokémon wa ushindani: SR, EQ, OHKO, roll na vinginevyo

Mgeni wa Uwanja

Salaam, ndugu zangu. Nimecheza Pokémon tangu utotoni kwa kufuata hadithi ya mchezo tu, na ni mwezi huu ndipo nilipoanza kupambana na watu wengine kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya mapambano ya mtandaoni. Pambano lenyewe ninalimudu kidogo; kinachonishinda ni lugha. Juzi usiku nilimwingiza Tyranitar wangu akiwa na uhai kamili ili amkabili Garchomp wa mpinzani, na kabla hajafanya lolote akaanguka kwa pigo moja. Mpinzani akaandika maneno ambayo ninayanakili kama yalivyokuwa: "SR up, Ttar in, EQ, OHKO, no roll. gg". Nilidhani ananikejeli, nikaondoka bila kumjibu.

Nimejaribu kutafuta maana, lakini orodha nilizozipata hufafanua kifupisho kimoja kwa kifupisho kingine. Iwapo inasaidia, Tyranitar huyo alishika kifaa kiitwacho Choice Scarf, na nilimgawia 252 kwenye uwezo wa kushambulia, 252 kwenye kasi na 4 kwenye ulinzi maalumu. Namba hizo nilizinakili kutoka kwa mchezaji mwingine bila kujua zinatoka wapi. Ninaomba anayefahamu anieleze kwa Kiswahili, taratibu.

Fundi wa Hesabu

Hakukukejeli hata kidogo, ndugu yangu. Alikueleza kwa mstari mmoja kwa nini Tyranitar wako ameanguka, na ukiufungua mstari huo utaona kwamba vifupisho vingi vya mchezo huu ni hesabu zilizokunjwa. Anayejifunza herufi bila hesabu iliyomo ndani yake atazisahau baada ya siku mbili.

Ttar ni Tyranitar. Wachezaji hufupisha majina ya Pokémon wanaokutana nao kila siku, kwa hiyo utasoma Chomp kwa maana ya Garchomp, Pex kwa Toxapex, na Lando-T kwa Landorus aliye katika umbo la Therian. Hayo utayazoea bila kufundishwa.

SR ni Stealth Rock, yaani mawe yenye ncha ambayo mchezaji huyatega upande wa mpinzani, na ambayo humjeruhi kila Pokémon anayeingia uwanjani hadi yatakapoondolewa. Neno "up" linamaanisha kwamba mawe yamekwisha kutegwa. Kiasi cha jeraha hutegemea aina ya Pokémon anayeingia: ambaye mashambulizi ya mwamba humpata kwa kiwango cha kawaida hupoteza moja ya nane ya uhai wake, lakini Charizard, ambaye ni wa moto na wa kuruka kwa wakati mmoja, hupoteza nusu nzima kwa kuingia tu. Mawe haya yalikuja mwaka 2006 pamoja na Diamond na Pearl, na tangu hapo kila anayeunda kikosi hulazimika kujiuliza atayaondoaje. Mwaka 2019, katika Sword na Shield, kilikuja kifaa kiitwacho Heavy-Duty Boots ambacho humkinga anayekivaa dhidi ya mitego ya namna hiyo. Ukisoma HDB, au "boots" peke yake, ndicho kinachozungumzwa.

EQ ni Earthquake, shambulio la ardhi lenye nguvu ya 100. Garchomp mwenyewe ni wa joka na ardhi, na Pokémon anapotumia shambulio la aina yake mwenyewe, madhara huzidishwa kwa 1.5. Nyongeza hiyo ndiyo iitwayo STAB, kifupisho ambacho utakiona kila mahali. Tyranitar ni wa mwamba na giza: ardhi huupiga mwamba mara mbili, na giza halipunguzi wala haliongezi kitu. OHKO ni kuangushwa kwa pigo moja. 2HKO ni kwa mapigo mawili.

Sasa tuje kwenye 252 zako. Hizo ni EV, pointi za mazoezi ambazo unazigawa mwenyewe. Kila Pokémon anaruhusiwa jumla ya 510, na uwezo mmoja hauwezi kupokea zaidi ya 252. Katika kiwango cha 100, kila EV 4 huzaa pointi moja ya uwezo, kwa hiyo 252 huzaa 63. Ukijaza uwezo wa aina mbili umetumia 504. Unabakiwa na 6, ambazo 4 kati yake huzaa pointi moja ya mwisho na 2 hazizai kitu. Ndiyo sababu 252, 252 na 4 hujirudia kama kiitikio kila unapotazama vikosi vya watu. Usizichanganye na IV, ambazo ni za kuzaliwa na huanzia 0 hadi 31.

Lililobaki ni "no roll", na hapa naomba unifuatilie kwa utulivu, kwa maana ndipo ulipo moyo wa sentensi yote. Mchezo hautoi madhara yaleyale kila mara. Huyazidisha kwa namba ya bahati kuanzia asilimia 85 hadi 100, hatua 16 kwa jumla, na bahati hiyo ndiyo huitwa roll. Chukulia kwamba Garchomp wake alikuwa na EV 252 za kushambulia, IV 31 na tabia isiyoongeza wala kupunguza uwezo huo, jambo ambalo ni la kawaida kwake kwa sababu wengi huchagua tabia ya kuongeza kasi. Uwezo wake wa kushambulia ni 359. Tyranitar wako, ambaye hukumpa EV za uhai wala za ulinzi wa kawaida, ana uhai 341 na ulinzi 256. Earthquake itamtoa kati ya 302 na 356. Kwa uhai kamili, ni hatua 5 tu kati ya 16 zinazomwangusha, yaani takribani asilimia 31. Mara nyingi zaidi angenusurika na kujibu mapigo.

Lakini mawe yalikuwapo. Alipoingia alipoteza moja ya nane, yaani 42, akabaki na 299. Pigo dogo kabisa la Garchomp ni 302. Hakuna hatua hata moja kati ya zile 16 inayomwokoa, na mpinzani alilijua hilo kabla hajabonyeza. "No roll" maana yake ni kwamba bahati haikuwa na nafasi.

Kete ya Namua

Maelezo ya Fundi yametosheleza upande wa hesabu, nami niongeze upande wa maneno yenyewe, kwa kuwa swali limeletwa kwa ombi la Kiswahili na jambo hili liko karibu sana na moyo wangu.

Nimekulia karibu na baraza ambalo wazee walicheza bao kila jioni. Mtoto aliyesimama pale kwa mara ya kwanza alisikia namua, mtaji, takata na nyumba, na ingawa maneno yote yalikuwa ya lugha yake, hakuelewa kitu mpaka alipoona kete zikitembea. Nyumba ya bao si nyumba ya kulala. Kwa hiyo mgeni asivunjike moyo wala asidhani kwamba kikwazo chake ni Kiingereza. Wapo wasemaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa ambao wangeusoma mstari ule wakabaki wameduwaa vilevile.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodai kwamba mchezo huu hauwezi kuzungumzwa kwa Kiswahili. Mimi na wenzangu tunaofanya mazoezi pamoja tumekuwa tukitumia maneno yetu kwa muda sasa. Pokémon mwenye ulinzi mkubwa, ambaye wengine humwita wall, tunamwita ukuta, kama mashabiki wa mpira wanavyoisifu safu ya ulinzi. Sweeper, yule anayejiimarisha kisha akaangusha kikosi kizima, ni mfagiaji. Pokémon anayeachwa afe makusudi ili mwingine aingie uwanjani bila kujeruhiwa, yaani sack, ni kafara, na neno hilo linabeba uzito wa tendo lenyewe kuliko la asili. SR tunaiita mawe, na hazards kwa jumla ni mitego. Lakini STAB, EV na OHKO tumeziacha zilivyo, kwa sababu ni alama za hesabu zaidi kuliko maneno, na kuzitafsiri kungemtenga mchezaji wetu na wapinzani wake wa Brazili au Italia, ambao nao huandika OHKO hivyohivyo.

Yapo pia maneno yaliyozaliwa na maumivu. Focus Blast ina nguvu ya 120 lakini hulenga kwa asilimia 70 tu, kwa hiyo wachezaji huiita Focus Miss, yaani wameligeuza jina ili liseme kukosa shabaha; Stone Edge, yenye asilimia 80, nayo huitwa Stone Miss. Crit ni pigo la kipekee linaloongeza madhara kwa nusu, na kwa kawaida hutokea mara 1 kati ya 24. Bahati mbaya ya namna hiyo kwa jumla huitwa hax. Tuliowahi kupoteza pambano lililokuwa mkononi kwa pigo kama hilo tunajua kwa nini neno lake ni fupi hivyo.

Mwisho, gg. Hiyo ni heshima ya kumaliza pambano, kukiri kwamba mchezo ulikuwa mzuri, kama vile gl hf inavyoandikwa mwanzoni kumtakia mwenzako bahati na furaha. Desturi njema ni kumwachia aliyeshindwa aitangulize. Mshindi anayeiandika mapema, wakati mwenzake bado ana Pokémon wawili watatu, huonekana ana kiburi. Kama pambano lenu lilikuwa limekwisha, basi mpinzani wako hakukosea, na ingefaa kumjibu.

Wawili kwa Wawili

Naomba kuongeza jambo moja ambalo wenzangu wamelipita, kwa sababu litamchanganya mgeni mapema. Yote yaliyosemwa hapo juu yanahusu zaidi mapambano ya mmoja kwa mmoja, ambayo kanuni na madaraja yake hupangwa na jamii ya Smogon. Ukisoma OU (OverUsed), UU (UnderUsed), RU (RarelyUsed) na NU (NeverUsed), hayo ndiyo madaraja yenyewe, na wengi huamini kuwa yanapimwa kwa nguvu kama ligi za mpira zinavyopimwa kwa ushindi. Sivyo. Yanapimwa kwa matumizi. Pokémon huwekwa OU pale anapotumika kwa kiwango cha asilimia 4.52 au zaidi, na namba hiyo haikuokotwa: ndicho kiwango ambacho mchezaji anayecheza mapambano 15 ana nusu ya uwezekano wa kukutana naye angalau mara moja. Ubers liko juu ya OU na ndilo daraja la waliozuiwa kwa nguvu zao. PU, lililo chini ya NU, si kifupisho cha maneno yoyote, kwa hiyo usijisumbue kutafuta kirefu chake.

Mashindano rasmi, yaitwayo VGC, ni mchezo mwingine kabisa: Pokémon wawili kwa wawili, unakuja na sita na kuchagua wanne, wote katika kiwango cha 50, na hakuna vifaa viwili vinavyofanana ndani ya kikosi kimoja, kwa maana Pokémon wawili hawaruhusiwi kushika kifaa cha namna moja. Huko SR husikika kwa nadra, kwa kuwa mabadiliko ya Pokémon uwanjani ni machache na pambano ni fupi. Badala yake utasoma TR, yaani Trick Room, ambayo kwa zamu tano huwafanya wenye mwendo wa taratibu watangulie, na utasikia redirection, yaani kuyavuta mashambulizi ya adui yasimfikie mwenzako. Mwaka 2014 jijini Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kiumbe mdogo ambaye karibu kila mtu alimdharau, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kuyavuta mashambulizi kwa Follow Me. Anayehukumu kwa madaraja peke yake asingemtazama mara mbili.

Mgeni wa Uwanja

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimelitazama tena pambano lile kwa kuwa rekodi yake ilihifadhiwa, na sasa nalisoma kama barua iliyoandikwa kwa lugha yangu. Garchomp aliyatega mawe katika zamu ya kwanza kabisa, nami sikuyajali kwa sababu sikujua kwamba yangenigharimu kitu.

Nimejaribu hesabu mwenyewe. Nimezihamisha zile EV 4 kutoka ulinzi maalumu kwenda kwenye uhai, Tyranitar akawa na 342. Mawe yanamtoa 42, anabaki na 300, na 302 bado inamwangusha. Je, nikiongeza nyingine kidogo atapona?

Fundi wa Hesabu

Umefanya vema kuhesabu kabla ya kuuliza. Ukifika EV 20 za uhai atakuwa na 346. Mawe yatamtoa 43, atabaki na 303, na hapo atanusurika katika hatua 1 tu kati ya 16, ile ya 302. Ni bei kubwa kwa nafasi ndogo. Ukimvika boots badala ya Scarf atarudi kwenye hali ya mwanzo ya kuanguka mara 5 kati ya 16, ila utaipoteza ile kasi iliyozidishwa kwa 1.5, ambayo huenda ndiyo iliyokufanya umchague. Kwa maoni yangu mpe Scarf yake, tafuta mwenzake wa kuyaondoa mawe, na umwache nje kila unapomwona Chomp uwanjani.

Mgeni wa Uwanja

Nimeelewa. Nimemtafuta pia yule mpinzani nikamwandikia gg, ingawa nimechelewa siku tatu. Amejibu kwa herufi mbili: "wp". Hizo nazo naomba.

Kete ya Namua

Amekwambia umecheza vizuri.