Wasimamizi wa majadiliano ya wanafunzi wa masafa, kwa nini mnafuta majibu yetu kila muhula?

Wanajukwaa, salamu kwenu. Ninasoma uhandisi wa umeme kwa njia ya masafa, huu ni mwaka wangu wa tatu, na uzi huu ninaufungua nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuituliza kwa siku mbili nikashindwa.

Hivi karibuni nilikwama kwenye zoezi la saketi yenye koili na kapasita. Nilikumbuka vizuri kwamba muhula uliopita mwenzetu mmoja aliuliza swali hilohilo, na mkufunzi akamjibu kwa kirefu, hatua kwa hatua, mpaka akaeleza jinsi ukinzani wa waya wenyewe wa koili unavyofanya vipimo vya mezani vitofautiane na hesabu za kwenye karatasi. Nikaenda kuutafuta uzi ule, nikakuta chumba kizima hakipo. Kumbe muhula ulipoisha, vyumba vyote vya majadiliano vilifutwa pamoja na kila kilichoandikwa humo, kisha vikafunguliwa vingine vitupu vyenye majina yaleyale. Nikauliza upya. Swali langu lilikaa siku 9 kabla ya kujibiwa, na zoezi lilitakiwa kukusanywa siku ya 6.

Aliyevipanga vyumba hivi amefuata daftari la usajili, hakufuata namna mtu anavyojifunza. Ofisi inaona msimbo wa somo na muhula. Mwanafunzi anayehangaika peke yake usiku anaona mada iliyomkwamisha. Chukueni namba changamano: zinafundishwa kwenye hisabati, zinatumika kwenye saketi za mkondo geu, na zinarudi tena kwenye uchambuzi wa mawimbi. Kwa mpangilio wa sasa, swali moja kuhusu namba hizo linaulizwa katika vyumba vitatu, linajibiwa nusunusu katika kila kimoja, halafu vyote vitatu vinafutwa. Ndani ya chumba chenyewe hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maswali ya maudhui, malalamiko ya ada na salamu za siku ya kuzaliwa vinatiririka katika mkondo mmoja, na nyuzi nyingi zina kichwa kimoja tu: «Naomba msaada».

Najua nitajibiwa kwamba kufuta kunazuia wanafunzi kunakili majibu ya mazoezi. Hoja hiyo haisimami. Majibu yanayonakiliwa yanazunguka tayari kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hakuna mkufunzi wa kurekebisha kosa, na nimekwisha kuona jibu lenye makosa likipitishwa mkono kwa mkono kwa mihula miwili. Anayeogopa kunakili abadilishe tarakimu za zoezi, jambo lisilomchukua hata nusu saa, na maelezo ya kanuni ayaache mahali pake.

Sasa nije kwenye uandishi wa hesabu, maana hapa ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Sanduku la kuandikia tulilopewa halikubali alama za hisabati. Katika swali langu niliandika fomula ya frikwensi ya resonansi (idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo saketi huiitikia zaidi) kama nilivyoweza: f = 1/2pi sqrt LC, L ikiwa kipimo cha koili na C cha kapasita. Mwenzangu mwenye nia njema akaichukua kama nusu mara pai mara kipeuo cha pili cha LC. Kwa koili ya milihenri 10 na kapasita ya nanofaradi 100, akapata 0.00005. Jibu sahihi ni takriban hezi 5,033, kwa sababu 2, pai na kipeuo chote vinakaa chini ya mstari wa kugawanya. Tulibishana jioni nzima, watu wawili wanaojua hesabu, kwa kukosa mabano mawili! Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alitoa programu ya TeX mwaka 1978 ili hisabati ipangwe vizuri kwa kompyuta, na leo kuna programu zisizolipiwa zinazoonyesha fomula za namna hiyo ndani ya ukurasa wowote. Ni suala la msimamizi kuziwasha.

Kwa kuwa hazijawashwa, watu wanapiga picha madaftari yao. Picha moja ya simu ina megabaiti kadhaa, wakati fomula ileile kwa maandishi haifiki hata baiti 100, na mwanafunzi anayenunua intaneti kwa vipimo anaijua tofauti hiyo mfukoni. Picha haitafutiki. Mwenzetu asiyeona, anayesomewa kurasa na programu ya kompyuta yake, haambulii chochote humo. (Na wale wanaopiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, ikiwa imepinda na ina mwanga wa taa katikati, nawaombea subira tu.)

Vipindi vya moja kwa moja sitavisemea sana. Tangazo linasema «saa 2 usiku» bila kutaja ni kwa saa za wapi, ilhali tumetawanyika katika kanda tofauti za saa. Andikeni UTC (saa ya pamoja ya dunia) pembeni, basi.

Haya si mambo mageni. Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano ya kompyuta ulioanza kutumika mwaka 1980, ulipofurika makundi yasiyo na mpangilio, ulipangwa upya kufikia mwaka 1987 katika matawi makuu saba, na sayansi ikapewa tawi lake. Makundi yake mengi yalitunza orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, ikibandikwa upya kila baada ya muda ili mgeni aisome kabla ya kuuliza. Waliyaweza hayo kwa maandishi matupu na mitambo ya polepole.

Kwa hiyo ninadai vyumba vipangwe kwa mada na vibaki wazi kwa kusomwa muhula ukiisha, fomula ziandikike, na kila chumba kiwe na mkufunzi mwenye zamu inayojulikana, atakayeweka alama kwenye jibu sahihi. Nimeyaandika haya kwa wasimamizi mara mbili, nikajibiwa kwamba ombi langu «limepokelewa».

Vyumba vya muhula huu vinafutwa Ijumaa. Nimeanza kunakili nyuzi za saketi kwa mkono na nimefika ya 41. Aliye tayari kuchukua za mekanika na za kemia aseme hapa chini, tusirudie kazi moja.